Mguu Mpana na Buti la Mlimani



Masika yamekatika, na barabara iendayo Machame pamoja na ile iendayo Marangu zimeanza tena kujaa magari ya wageni. Tangu Juni hadi Oktoba ni msimu mkuu wa kupanda Kilimanjaro, na kwa nyumba nyingi za Moshi huo ndio msimu wa kulipa ada za watoto, kununua bati na kumaliza madeni ya duka. Vijana wetu, na baadhi ya baba ambao si vijana tena, hupanda wakiwa wapagazi, wapishi na waongoza watalii. Wapagazi huitana wagumu, na jina hilo wanalistahiki. Ila ugumu wote huo hubebwa na nyayo mbili, na nyayo za watu wetu wengi ni pana. Juma hili tumeona tuzungumze juu ya mabuti, jambo ambalo akina mama hulijua kabla ya mtu mwingine yeyote, kwani wao ndio huchemsha maji ya chumvi mume au mtoto anaporejea kutoka mlimani akichechemea.

Katika msikiti wetu yuko kijana mmoja, mpagazi wa miaka sita, ambaye urefu wa wayo wake unalingana na namba 42. Alipokwenda kutafuta buti, kila la namba 42 lilimbana ubavuni, hapo penye fundo la kidole gumba na upande wa kidole cha mwisho. Akajaribu 43, akajaribu 44, akatulia kwenye 45, kwa kuwa hilo halikumbana popote. Alipanda nalo salama. Shida ilimkuta siku ya kushuka. Kutoka kileleni, mita 5,895, hadi kambi ya Mweka iliyo kwenye mita 3,100 hivi, mtu huteremka karibu mita 2,800 kwa siku moja, na katika kila hatua ya siku hiyo wayo wa kijana wetu uliteleza mbele ndani ya buti ukagonga ncha. Alifika chini kucha mbili zimekuwa nyeusi na visigino vimechubuka. Kucha zilitoka baadaye, naye akakosa safari mbili katika msimu ambao familia yake ilikuwa ikiutegemea.

Tumelianza neno letu na habari hiyo kwa sababu si ya kijana huyo peke yake. Ukiuliza wapagazi kumi wenye miguu mipana wamelitatuaje tatizo lao, wengi watakujibu kwamba wameongeza namba. Hilo ndilo tunalotaka kulipinga leo. Namba ya kiatu cha Ulaya hupima urefu, na kila namba moja ni theluthi mbili za sentimita. Aliyepanda kutoka 42 hadi 45 amejiongezea sentimita mbili nzima za nafasi tupu mbele ya vidole, na kwa upande wa upana, ambao ndio hasa alikuwa akiutafuta, amepata milimita chache tu. Tena buti hukunjika mahali pale lilipokusudiwa kukunjika, penye mafundo ya vidole. Likiwa refu kupita kiasi, mkunjo wake huja mbele ya mkunjo wa mguu, na ngozi ya buti huanza kukata juu ya vidole. Kisigino nacho hupanda na kushuka kikisuguana na buti, na malengelenge huota. Kisha mtu huyo huyo ana mzigo wa kampuni usiozidi kilo 20, kama taratibu zinavyotaka, na juu yake vitu vyake mwenyewe. Ncha ndefu ya buti ikijikwaa kwenye ukuta wa Barranco, ambako watu hupanda kwa mikono na miguu, haitajikwaa peke yake.

Kwa nini miguu yetu iwe mipana? Wako wanaoona haya. Tumewasikia akina dada wakisema wana "miguu ya shamba", na tumewasikia wauzaji wakimwambia mteja kwamba mguu wake ndio wenye kasoro. Maneno hayo hayana msingi. Mwaka 1905 daktari mmoja wa Marekani, Phil Hoffman, alichapisha uchunguzi wake wa jozi 186 za miguu ya watu wasiovaa viatu, wengi wao Wafilipino na Waafrika wa kati. Aliona kwamba vidole vyao vimetanuka kama upepeo, na kwamba umbo hilo ndilo analozaliwa nalo kila mtoto, awe wa Ulaya au wa Afrika, hadi pale kiatu chembamba kinapoanza kulibana na kulibadilisha. Mwaka 2009 watafiti kutoka Ubelgiji walichunguza watu wa kusini mwa India, wakakuta kwamba waliozoea kutembea pekupeku wana mguu mpana zaidi mbele, na kwamba uzito wa mwili wao hutawanyika vyema katika wayo wote. Mtoto wa Kibosho au wa Old Moshi aliyekulia pekupeku migombani, kisha katambuga, kisha kandambili, amebaki na mguu kama alivyoumbwa nao. Kasoro iko kwenye buti lililochongewa mguu wa mtu mwingine.

Na hilo ndilo neno la kulishika. Kila kiatu hujengwa juu ya kalibu, yaani umbo la mguu la mti au la plastiki, ambalo fundi au kiwanda hulivika ngozi na soli. Kiatu hufuata kalibu yake hadi siku ya mwisho. Mabuti mengi yanayofika Moshi yalijengwa juu ya kalibu za miguu ya watu waliovaa viatu vya kufunga tangu utotoni. (Tuliwahi kuwa na nafasi ya kujichongea wenyewe. Kiwanda kikubwa cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, sehemu kubwa ziuzwe Ulaya. Hakikuwahi kuvuka asilimia 4 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kilifungwa. Yaani hata kiwanda chetu wenyewe kilikuwa kinaifikiria miguu ya Ulaya.)

Basi mtu apime vipi? Kabla ya kwenda sokoni, chukua kipande cha boksi, vaa soksi utakazopanda nazo, na usimame juu yake kwa uzito wako wote. Usikae kwenye kiti, kwa kuwa mguu wa aliyekaa ni mwembamba kuliko wa aliyesimama. Mwenye kazi ya kubeba mizigo afanye hivyo akiwa na mzigo mgongoni, maana uzito huutandaza wayo zaidi. Mwenzako akuchoree mguu, kalamu ikiwa wima kabisa. Fanya hivyo kwa miguu yote miwili, kwani ni nadra mtu kuwa na miguu inayolingana, na mkubwa ndio wa kufuatwa. Wakati mzuri ni baada ya Alasiri, mguu ukiwa umeshavimba kidogo kwa shughuli za mchana. Huko juu utavimba hivyo na kuzidi.

Kisha kata hilo boksi kwa kuufuata mchoro. Umepata wayo wako wa pili, ambao huweza kwenda sokoni mfukoni na hausemi uongo kwa kuona haya mbele ya muuzaji. Uingize ndani ya buti hadi chini. Ukilala bapa bila kujikunja kingo, upana unatosha. Kingo zikipanda ubavuni, buti hilo ni jembamba kwako, hata muuzaji akuapie kwamba litatanuka. Mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono, na inatosha. Kama buti lina kile kitambaa kinene cha ndani ambacho hutoka, kichomoe, kiweke chini, ukisimamie. Mguu ukimwagika pembeni mwake, rudisha buti mahali pake na uendelee kutafuta.

Soko la Memorial ndiko wengi wetu tununuako mabuti, na hatuoni sababu ya kulidharau. Pale, kwa subira, mtu hupata buti ambalo dukani asingeweza hata kuliuliza bei. Lakini mitumba ina lugha yake, nayo imeandikwa kwenye kile kibandiko kidogo kilicho nyuma ya ulimi wa buti. Wengi husoma namba tu. Tazama pia herufi. Katika viatu vya Marekani vya kiume, herufi D ni upana wa kawaida, 2E au EE ni mpana, na 4E ni mpana sana. Kwa vya kike, B ni wa kawaida na D ni mpana. Wengine huandika W au neno lenye maana ya upana. Viatu vya Japani huandikwa urefu wake kwa sentimita, na kando yake 2E, 3E au 4E. Buti la namba 42 lenye 4E na buti la namba 42 lisilo na herufi yoyote ni vitu viwili mbalimbali, na mara nyingi yamelala kwenye rundo moja kwa bei moja, kwa sababu muuzaji naye hasomi herufi. Ziko pia kampuni zinazojulikana kwa nafasi ya vidole, kama Keen ya Marekani, na zile zitoazo matoleo mapana, kama New Balance ya huko huko na Lowa ya Ujerumani. Lakini tunasisitiza: jina la kampuni hubandikwa kwa gundi, na pale Memorial gundi ni nyingi. Boksi lako ndilo shahidi.

Iko hatari nyingine ya mitumba ambayo watu huigundua wakiwa wamechelewa. Kati ya soli ya chini na buti lenyewe huwa kuna tabaka laini la kupunguza kishindo. Katika mabuti mengi tabaka hilo ni la poliyurethani, ambayo huoza taratibu kwa unyevu wa hewa hata kama buti limekaa kabatini bila kuvaliwa. Kwa hiyo buti lililokaa miaka kumi kwenye stoo ya mtu kule Ulaya laweza kufika hapa likiwa linang'aa kama jipya, soli haijalika hata kidogo, na siku ya pili ya safari soli ikabanduka yote. Tumeona wagumu wakirudi na soli zilizofungwa kwa kamba za mahema. Kabla ya kutoa fedha, bonyeza tabaka hilo kwa ukucha wa kidole gumba na ulikunje buti kwa nguvu. Likiacha shimo lisilorudi, likionesha nyufa nyembamba, au likitoa unga, liache hata kama linakutosha kuliko mabuti yote ya dunia. Buti lililovaliwa kiasi, lenye mikunjo na soli iliyolika kidogo, mara nyingi ni salama kuliko lile lisilo na alama.

Sasa tuje kwenye hewa. Mguu hutoa jasho jingi, na mlima wetu una tabia ya kuupitisha mtu katika hali ya hewa nne ndani ya siku chache: msitu wenye joto na matope, kisha nyika ya vichaka, kisha jangwa la mawe na vumbi, kisha kileleni ambako usiku maji huganda kwenye chupa. Jasho lililokusanyika ndani ya buti msituni huwa maji ya baridi kule juu. Safari ya kuelekea kileleni huanza usiku wa manane, na soksi zenye unyevu saa hiyo ni mwanzo wa vidole kufa ganzi.

Muuzaji atakusifia buti lenye utando wa kuzuia maji, mara nyingi utando wa Gore-Tex au wa namna hiyo. Utando huo una matundu madogo mno: tone la maji halipiti, ilhali mvuke wa jasho hupita. Ni kweli, lakini si kweli yote. Mvuke hupita polepole, na nje kukiwa na joto na unyevu, kama msituni Machame, karibu haupiti kabisa. Na maji yakishaingia kwa juu, penye shingo ya buti, utando huo huo huyazuia yasitoke. Kwa maoni yetu, anayepanda mara moja katika miezi ya mvua, Machi hadi Mei au Novemba, anufaike na utando. Mpagazi wa kila wiki katika kiangazi atapata nafuu zaidi kwa buti la ngozi halisi lisilo na sponji nene ndani, au la ngozi lililochanganywa na kitambaa cha wavu imara. Hilo hupumua, hukauka mapema, na lina fadhila nyingine kwa mwenye mguu mpana: ngozi hulegea ikaufuata mguu, ilhali buti la utando na plastiki hubaki lilivyo. Tazama tu mkanda wa mpira unaozunguka ncha ya baadhi ya mabuti. Hapo penye mpira hapatanuki, hata fundi afanyeje.

Kosa ambalo mwenye mguu mpana hulifanya dhidi ya hewa ni kujaza soksi. Buti limembana, baridi inamtisha, naye anavaa jozi tatu. Nafasi ndogo iliyokuwapo inakwisha, damu haifiki vidoleni, na mguu wenye soksi tatu unakuwa baridi kuliko mguu wa jirani yake wenye soksi moja na nafasi. Hewa iliyotulia kati ya vidole ndiyo hutunza joto. Jozi moja ya sufi inatosha, au jozi moja nyembamba chini ya moja nene iwapo buti lilipimwa hivyo tangu mwanzo. Pamba haifai huko. Ikilowa jasho hubaki imelowa, wakati sufi huendelea kutia joto hata ikiwa na unyevu. Soksi za sufi hupatikana katika mitumba, na akina mama wanaofuma masweta ya watoto wa shule wanaweza kabisa kufuma soksi pia. Sijui wanangoja nini, angesema mtu; sisi tunasema ni biashara iliyolala.

Ukifika kambini vua buti, fungua kamba zote, vuta ulimi nje, vaa katambuga, nyayo zipate hewa. Usiliweke buti karibu na moto wala jiko, kwa kuwa gundi hulainika na ngozi hupasuka. Lijaze karatasi za magazeti ili zinyonye unyevu. Lakini si gazeti hili, tafadhali. Kurasa zake zina aya za Qur'ani na majina ya Mwenyezi Mungu, na mahali pake si ndani ya kiatu. Yako magazeti ya michezo.

Hapa suala letu linagusa ibada, na tumeulizwa mara kadhaa na wapagazi wetu. Maji hupatikana kwa shida kadiri mtu anavyopanda. Katika njia ya Machame, mto wa Karanga ndio wa mwisho kuteka, na maji yanayotumika kambi ya Barafu, juu ya mita 4,600, hubebwa mgongoni kutoka huko. Sheria yetu imempa mtu ruhusa ya kupaka maji juu ya khofu badala ya kuosha miguu: mkaazi mchana mmoja na usiku wake, msafiri siku tatu na usiku zake. Masharti yake yanajulikana, na mawili yanahusu ununuzi wa buti moja kwa moja. Khofu iwe imefunika mpaka vifundo vya miguu, basi kiatu cha mlimani kilichokatwa chini ya kifundo hakitoshi. Na iwe imevaliwa mtu akiwa na twahara kamili. Akishaivua, ruhusa ile ya kupaka imekatika. Mwenye buti linalombana hulivua kila wanapopumzika, kwa sababu hawezi kuvumilia, na hivyo hukosa nafuu hiyo kabla hata ya Adhuhuri. Kuhusu kupaka juu ya soksi peke yake, wanazuoni wana maelezo na kila mtu amuulize imamu wake kabla ya kupanda, si akiwa Barafu. Na kwa mwenye kuosha miguu: tunapitisha vidole vya mkono katikati ya vidole vya mguu, basi na tukaushe papo hapo kwa kitambaa kabla ya kurudisha soksi. Fangasi wa vidoleni wanapenda mno mguu uliotoka udhuni na kuingia kwenye buti ukiwa umelowa.

Akina dada wanaofanya kazi mlimani, na idadi yao inazidi kuonekana, wana taabu ya ziada. Buti la kike hujengwa juu ya kalibu nyembamba kuliko la kiume la namba ile ile. Dada mwenye mguu mpana asione taabu kuchagua buti la kiume. Namba za Ulaya ni zile zile kwa wote, kwa hiyo wa 39 atafute 39. Ila aangalie kisigino, kwa kuwa la kiume huwa pana na nyuma pia, na kisigino cha mwanamke kinaweza kuogelea. Dawa yake ni ufungaji wa kamba, tutakaoueleza hivi punde.

Kwa wazee wenye kisukari tunasema jambo moja tu, na tunalisema kwa uzito. Kisukari kinaweza kuondoa hisia za nyayo, na mtu asiyehisi hawezi kuambiwa na mguu wake kwamba kiatu kinabana. Huyo asinunue kiatu chochote, cha mlima au cha kwenda Umra, kwa kusikilizia. Apime kwa boksi, kisha aonane na daktari wa kliniki yake ya kisukari, iwe KCMC au kwingineko, na nyumbani mtu amtazame nyayo kila jioni.

Turudi kwenye kamba. Buti lililo sawa kwa urefu na linabana kidogo tu katikati laweza kuokolewa kwa kuruka matundu ya chini. Acha jozi ya kwanza ya matundu bila kamba, au pale panapobana pitisha kamba wima kila upande bila kuzikutanisha. Kisha kwenye mkunjo wa kifundo, zungusha kamba mara mbili kabla ya kuendelea juu, ukaze. Mzunguko huo hukishika kisigino kisipande na huuzuia wayo usiteleze mbele wakati wa kuteremka. Mbele palegee, kifundoni pakaze. Wapagazi wengi hufanya kinyume, hukaza kote sawasawa kama wafungavyo gunia.

Likiwa la ngozi na linabana mahali pamoja, mpelekee fundi viatu mwenye kalibu ya kutanulia, mwambie hasa ni wapi, hata kwa kupaka chaki. Litakaa na kalibu siku mbili tatu. Asiyekuwa na haraka anaweza pia kuulizia hapa hapa nyumbani: kiwanda cha Karanga, kinachomilikiwa kwa ubia wa Magereza na mfuko wa PSSSF, hutengeneza viatu vya ngozi. Laiti wangetuchongea siku moja buti la mlima juu ya kalibu ya mguu wa Mchaga, Mpare na Msambaa! Wateja wako mlangoni mwao. Na buti lolote, jipya au la mtumba, lisipande mlima kabla halijatembea. Livae kwenda Materuni na kurudi, siku tatu au nne mbalimbali, na mojawapo iwe na mzigo. Tafuta mteremko mkali ushuke nalo. Vidole vikigusa mbele hapo, vitagonga Mweka.

Limebaki suala la zawadi, nalo ni gumu kwa sababu ya adabu zetu. Mgeni akimaliza safari mara nyingi huvua mabuti yake akampa mpagazi. Zawadi haikataliwi, nasi tunashukuru. Lakini kupokea ni jambo moja na kuvaa ni jambo jingine. Tunawafahamu vijana waliovaa buti la mgeni kwa misimu miwili kwa sababu tu ni la thamani, na sasa fundo la kidole gumba limetoka nje. Buti zuri lisilokutosha lina mwenyewe mahali fulani. Libadilishe au liuze, ununue lako. Asiye na uwezo wa kununua kabisa ajue kwamba mradi wa kusaidia wapagazi, KPAP, wenye ofisi hapa Moshi, huwaazima wapagazi mavazi ya mlimani bila malipo. Aende mapema, akiwa na boksi lake, kabla msimu haujakolea na mapana hayajakwisha.

Kwa wale wasio na wa kuwachorea, kamati yetu imeweka ubao wa kupimia katika ofisi ya msikiti. Upimaji ni kila Jumamosi baada ya swala ya Alasiri hadi karibu na Magharibi, kwa wanaume upande wa ofisi na kwa akina mama katika darasa la madrasa, ambako bibi mmoja mwalimu atawasimamia. Boksi na kalamu vipo. Mtu aje na soksi atakazopanda nazo, na mpagazi aje na mzigo wake.